Daftari la Vyombo vya Mgoa

Siku Mwanasha binti Mwero alipopeleka mkeka kwa Mgoa, alirudi nyumbani kwao Tiwi amenuna. Mkeka ule alikuwa ameusuka miezi miwili, kwa ukindu mwembamba mweusi na mwekundu, na kuunga kwake kulikuwa kwa ustadi hata mtu asingejua ukili mmoja uliishia wapi na wa pili ulianzia wapi. Mgoa aliupokea kwa mikono miwili, akaupapasa, akashukuru sana. Kisha, badala ya kuutandika, alichukua nyundo na misumari minne akautundika ukutani.

"Mama, umewahi kuona mkeka umetundikwa kama kanga iliyofuliwa?" alimwuliza mama yake, Bi Mwanarusi.

"Ukishautoa mkononi si wako tena," alijibu Bi Mwanarusi. "Akitaka na auvae."

Maneno hayo hayakumtuliza. Siku ya tatu Mwanasha alijitanda kanga yake akapanda tena kile kilima kidogo chenye nyumba ya mawe, upande wa kwenda Diani. Mgoa, mzee aliyetoka Goa kule Bara Hindi, alikuwa barazani, amevaa suruali nyeupe na kandambili. Jina lake Kaitano. Alikuwa na umri wa miaka sitini na ushei, na Kiswahili chake alikuwa amejifunzia Unguja na Mombasa, hivyo kilikuwa kizuri kuliko cha wageni wengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Mwanasha. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Mzee, nimekuja kukuambia kwamba mkeka ni wa kukalia."

Mzee Kaitano alicheka, si kwa kumdharau. "Najua. Njoo basi uwaone majirani zake."

Mwanasha alivua viatu akaingia. Siku ya kwanza alikuwa ameishia mlangoni. Leo aliona chumba kizima. Kuta zote zilikuwa na vitu, na meza zilikuwa na vitu, na ndani ya kabati za vioo mlikuwa na vitu juu ya vitu. Mzee Kaitano alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika meli za abiria, akisimamia vyakula na vyombo vya mezani. Mabaharia wengine walipofika bandarini walikwenda kunywa. Yeye aliingia sokoni akatafuta kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono. Kulikuwa na kigae cha ukuta kutoka Uajemi chenye ndege wa buluu, na kisanduku cheusi cha Kijapani kinachong'aa kama maji ya kisima. Kulikuwa na msalaba wa fedha wa Wahabeshi, kinyago cha Wamakonde chenye nywele za kweli, buli la kahawa la Basra, na kitambaa cha Kachi kilichoshonewa vioo vidogo vidogo. Kulikuwa pia na kichupa cha manukato kilichotoka Iskandaria, chembamba kama kidole cha mtoto, ambacho mzee alisema kilipulizwa na fundi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

"Vyote hivi vilikuwa vya kutumia," alisema. "Kigae hiki kilikuwa ukuta wa hamamu. Sahani ile ililiwa wali. Nimevitundika kwa sababu nikivitumia vitakwisha, na waliovitengeneza hawapo tena kutengeneza vingine."

Mkeka ulikuwa katikati ya ndege wa Uajemi na kitambaa cha Kachi. Mwanasha alisimama mbele yake muda mrefu. Aliona kwamba zile pembe tatu nyeusi alizosuka yeye, alizofundishwa na mama yake, zilikuwemo pia katika kitambaa cha Kachi, zimeshonwa kwa uzi wa hariri na mwanamke ambaye hajapata kumwona. Hasira ilimtoka.

"Lakini umeupindua," alisema. "Upindo huu ndio wa chini."

Mzee alikwenda kuileta nyundo.

Hivyo ndivyo Mwanasha alivyoanza kazi katika nyumba ile. Mwaka ulikuwa 1959. Mumewe, Boga, alikuwa amefariki kwa homa, na hawakujaaliwa mtoto. Mara tatu kwa wiki alifika kupangusa vyombo. Shaba aliisugua kwa ndimu na majivu, mbao alizipaka mafuta ya nazi, na kichupa cha Iskandaria alikishika kwa pumzi iliyozuiwa. Katika miaka minne hakuvunja hata kifuniko. Mzee alimwambia habari za vitu vile alipojisikia kusema, naye alisikiliza huku akifanya kazi.

Kisha macho ya mzee yakaanza kumtupa. Kwanza alimimina chai nje ya kikombe. Baadaye alimwamkia Bi Mwanarusi njiani akidhani ni Mwanasha. Daktari wa Mombasa alimwambia ni presha ya macho, imeshafika mbali, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kufikia katikati ya mwaka 1963 aliweza kutofautisha mwanga na kivuli, basi.

Jambo la pili likaongezeka juu ya hilo. Chini ya kila chombo mzee alikuwa amebandika kikaratasi chenye maandishi ya Kireno, lugha ya shule za Goa: kimetoka wapi, mwaka gani, kwa nani. Mende walikuwa wameipenda ile gundi. Miaka yote walikuwa wakila gundi pamoja na karatasi, na mzee hakujali, maana alipokitazama chombo alikumbuka kila kitu. Sasa hakuweza kutazama. Siku moja Mwanasha alimsikia akimweleza mgeni kwamba buli la Basra lilitoka Lamu. Hakumsahihisha mbele ya mtu.

Mwezi wa nane alikuja Agnelo kutoka Nairobi. Alikuwa mwana wa dada yake mzee, karani, mtu mpole mwenye miwani, na alimpenda mjomba wake. Walikaa barazani wakizungumza Kiswahili na Kikonkani, lugha ya kwao Goa, kwa kuchanganya. Mwanasha alikuwa ndani akisugua chetezo cha kufukizia ubani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mjomba, familia yote tunakwenda Uingereza. Karatasi zako nimeziombea pia. Huwezi kubaki hapa peke yako bila macho."

"Nitakwenda kufanya nini huko?"

"Kuishi na sisi. Na hivi vitu, yupo bwana mmoja anayejenga hoteli Diani. Anavitaka vyote avipambie chumba cha kulia chakula."

Kisha mzee alisema polepole, "Goa nilikozaliwa ilibadilisha bendera nikiwa huku. Na huku nako bendera inabadilika. Labda ni kweli, mimi ni mtu wa kufungwa ndani ya sanduku na kusafirishwa." Akaongeza, "Mwambie huyo bwana avichukue. Sivioni. Hata majina yake yamenitoka, na kitu nisichoweza kukitaja kina faida gani kwangu?"

Agnelo alisema atarudi mwezi wa kwanza, sherehe za uhuru zikishapita, kumaliza mambo. Aliondoka jioni ile.

Mwanasha aliweka chetezo mezani akatoka barazani. Hakuwa na desturi ya kuketi mbele ya mzee, lakini siku hiyo aliketi.

"Mzee, nimesikia. Nisamehe, dirisha lilikuwa wazi. Kwa nini usinitajie mimi nikaandika?"

Mzee aligeuza uso kufuata sauti. "Wewe unajua kuandika?"

"Herufi za Kizungu sizijui. Za chuoni, za Kiarabu, nazijua. Marehemu baba yangu alinipeleka chuoni kule Waa, watu wakamcheka, mtoto wa kike! Maalim alitusomesha Kurani tu. Lakini nikaona, herufi zile zile mbona zinaweza kuandika Kiswahili? Boga alipokuwa akifanya kazi Tanga nilimwandikia barua kwa herufi hizo, na alizisoma zote."

"Miaka minne umo humu ndani," alisema mzee, "na mimi sikukuuliza."

"Nami sikusema."

Kesho yake alikuja na daftari jipya lenye jalada la kijani na kalamu ya wino. Walianza na kabati la kwanza. Mwanasha alikiweka chombo mikononi mwa mzee, na mzee alikipima uzito, akakipapasa ukingo, akakinusa, wakati mwingine akakigusisha shavuni. Mara za kwanza alikosea, akakasirika, akataka kuacha. Lakini siku ya nne, alipokishika kile kisanduku cha Kijapani, vidole vyake vilisimama kwenye pembe moja yenye kovu dogo.

"Bandari ya Kobe, Japani," alisema. "Kulikuwa na mvua. Mzee aliyenipa hakuwa na jino hata moja, na binti yake alikuwa akicheka nyuma ya pazia. Hili kovu nimelitia mimi, nilikiangusha kwenye ngazi za meli. Andika, andika!"

Baada ya siku hiyo vitu vikaanza kumrudia kimoja baada ya kingine. Mikono ilikuwa inajua kile ambacho macho yalikuwa yakisemea kwa niaba yake siku zote. Alikumbuka bandari na harufu zake, na watu aliobishana nao bei wakaishia kula pamoja. Mwanasha aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, akaacha mstari, akaanza kingine. Kisha alimsomea aliyoyaandika, naye mzee alitikisa kichwa au akasahihisha.

Vingine havikurudi. Kulikuwa na kibakuli cha udongo ambacho mzee alikishika asubuhi nzima bila kupata neno.

"Niandike nini?" aliuliza Mwanasha.

"Andika sijui. Nalo ni jibu la kweli."

Walipofika ukutani, Mwanasha aliuteremsha mkeka akauweka magotini mwa mzee. Mzee alitabasamu kabla ya kuugusa.

"Huu andika: Tiwi, mwaka 1959. Fundi, Mwanasha binti Mwero." Kisha akaongeza, "Hebu fungua kurasa za nyuma. Niambie ni wapi pengine tumeandika jina la fundi."

Mwanasha alifungua kurasa moja moja hadi mwanzo. Lilikuwapo jina la aliyeuza, jina la bandari, jina la meli. Jina la fundi halikuwapo popote.

"Ni hapa tu, mzee."

"Basi nimezunguka dunia nzima nikasahau kuuliza," alisema Mzee Kaitano. "Ahsante kwa kuja kunigombeza siku ile."

Daftari lilikamilika mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Vitu vilikuwa mia mbili na kumi na saba, na "sijui" zilikuwa kumi na moja.

Siku hizo hizo kamati ya sherehe ya uhuru ya pale kijijini ilikuwa inatafuta pa kukusanyikia watu baada ya bendera kupandishwa. Mwenyekiti alikuwa Tsuma, mkulima wa minazi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeheshimiwa kwa sababu hakuwahi kusema jambo asilifanye. Alikuja kuomba uwanja wa nyumba ya mzee, maana ulikuwa mpana na una baraza ya kuwaketisha wazee. Mzee alikubali mara moja.

"Mwenyekiti," alisema Mwanasha, "na milango tuifungue, watu waingie waone vyombo."

Tsuma alikunja uso. "Siku ya uhuru tutazame vitu vya Kizungu, binti Mwero?"

"Vya Kizungu ni vitatu tu kati ya mia mbili na kumi na saba. Nimehesabu." Akampa daftari.

Tsuma alilipokea akitarajia kuona Kiingereza, lugha asiyoisoma. Alipolifungua macho yake yalitulia. Alikuwa amesoma chuoni kama Mwanasha. Alisoma mstari wa kwanza kimyakimya, halafu wa pili kwa sauti: "Buli la kahawa, la shaba, la Basra, mdomo wake kama wa mwewe." Alimtazama Mwanasha, akamtazama mzee. "Kiswahili hiki?"

"Chetu," alisema Mwanasha.

"Fungueni milango," alisema Tsuma.

Tarehe kumi na mbili Desemba, bendera ilipokwisha kupanda na nyimbo kuimbwa hadi watu wakakauka makoo, kijiji kizima kilipanda kilimani. Mwanasha alikuwa ametandika mikeka barazani na kupanga juu yake vyombo visivyovunjika upesi. Vingine vilikuwa mezani. Mzee Kaitano alikaa kwenye kiti chake, amevaa koti jeusi la meli ambalo halikuwa limeguswa miaka mingi. Mwanasha alisimama, akafungua daftari, akasoma.

Mwanzoni alisoma kwa sauti ndogo. Hakuwahi kusoma mbele ya watu zaidi ya wawili. Lakini alipofika kwenye chetezo cha Maskati, ajuza mmoja alidakia, "Mbona hicho hata mimi ninacho, cha udongo!" Watu wakacheka, na hofu ikamtoka. Wakauliza maswali. Wahabeshi wanaweka wapi msalaba huo? Yule fundi wa Iskandaria alipulizaje kioo? Wanawake walikigeuza kitambaa cha Kachi kuangalia mishono kwa nyuma, wakakubaliana kwamba aliyekishona alikuwa mtu wa subira.

Tsuma alikuwa akizunguka kama mwenye nyumba. Alifika mezani, akalinyanyua bakuli la Kichina, jeupe lenye maua ya buluu, ambalo mzee alikuwa amelisifu kuliko vyote mezani pale. Jua lilikuwa kali na mikono yake ilikuwa na jasho. Bakuli lilimponyoka. Lilipiga sakafu likapasuka vipande vitatu.

Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Tsuma alisimama mikono wazi, mdomo wazi, na mtu yule mwenye sauti hakuwa na sauti.

"Ni kipi?" aliuliza Mzee Kaitano.

Mwanasha ndiye aliyejibu. "Ni bakuli la maua ya buluu, mzee. Namba arobaini."

"Nipeni vipande."

Alipewa. Aliweka kimoja gotini, kingine akakipitisha kidole kwenye sehemu ya mpasuko, polepole, mara mbili. "Limekuwa kwangu miaka ishirini na sita," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kujua udongo wake ni mwembamba kiasi gani. Kama ganda la yai. Mwenyekiti, uko wapi? Usijilaumu. Ningekufa bila kujua."

Watu wakavuta pumzi. Wengine wakaanza kusema, na mtoto akalia, na sherehe ikaendelea. Lakini Tsuma alikuwa ameondoka bila kuaga.

Asubuhi ya pili, Mwanasha akiwa anafagia uwanja, alimwona Tsuma akipanda kilima. Alikuwa na kitu kilichofungwa kwa nguo mikononi, amekishika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakutaka chai. Aliketi mbele ya mzee akaifungua ile nguo.

"Mzee, mtu akivunja cha mwenziwe hutoa chake. Bakuli hili lilikuwa la bibi yangu, na kabla yake la bibi yake. Lichukue."

Mzee alilipokea. Vidole vyake vilitembea ndani, vikatoka nje, vikakutana na pini ndogo za shaba zilizopangwa kama mishono. Bakuli lilikuwa limepasuka zamani na fundi akalishona. Aliligonga taratibu kwa ukucha, akasikiliza.

"Tsuma, unajua una nini? Hili limetoka China, kama lile langu, ila la kwako lina umri mkubwa zaidi. Lilifika pwani hii kabla ya Mreno wa kwanza. Mlikuwa mkilifanyia nini?"

"Kuoshea watoto," alisema Tsuma. "Mtoto akizaliwa nyumbani kwetu, maji yake ya kwanza hutiwa humo. Mimi nimeoshwa humo. Wanangu wote saba wameoshwa humo."

Mzee Kaitano alilifunika bakuli kwa ile nguo, kwa uangalifu, akalirudisha magotini mwa Tsuma.

"Mimi sina mtoto wa kuosha. Lirudi nyumbani. Ila niruhusu jambo moja. Bi Mwanasha, fungua daftari. Mia mbili na kumi na nane: bakuli la Kichina, la kuoshea watoto, limeshonwa kwa shaba. Lipo nyumbani kwa Tsuma."

Tsuma aliinamisha kichwa. "Nimekuvunjia chako, nawe wanirudishia changu."

"Tangu macho yaharibike," mzee alimjibu, "hakuna mtu aliyeniletea kitu kipya mkononi. Wewe umeniletea. Ahsante, ndugu yangu."

Habari hiyo Tsuma hakuificha. Aliisimulia mwenyewe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na jinsi alivyovunja. Wiki iliyofuata watu wakaanza kupanda kilima. Karisa, aliyekuwa akilima mihogo karibu na magofu ya kale, alileta kikapu cha vigae alivyovichimbua kwa jembe na ambavyo wanawe walikuwa wakichezea. Mzee alivipapasa kimoja kimoja akavitenga: hiki Uajemi, hiki China, hiki cha hapa hapa, kimefinyangwa na mwanamke, gusa, kucha zake hizi. Mama mmoja Mduruma, Kache, aliyekuja kuwatembelea wanawe, alileta kibuyu cha mafuta kilichovishwa shanga, akasema kimetoka kwa bibi yake huko bara karibu na Mackinnon Road. Mwanasha alimwuliza jina la bibi yake kabla ya kuuliza neno lolote lingine. Sasa kila alipoandika alianza na fundi.

Hakuna kilichobaki kilimani. Kila kitu kilishikwa, kikaandikwa, kikarudi kwao. Daftari la kijani lilijaa, wakaanza la pili.

Agnelo alirudi katikati ya Januari. Alikuta wanawake wanne wamekaa barazani na vifurushi, na mjomba wake katikati yao ameshika kijiko cha kifuu, akibishana kuhusu mpini wake.

"Mjomba, uko tayari?" aliuliza walipobaki wao watatu.

"Mwanangu, siwezi kwenda. Nina kazi."

Agnelo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Alieleza tena habari za Uingereza, za daktari, za chumba alichomtengea. Mzee alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akasema, "Bi Mwanasha, msomee tisini na mbili."

Mwanasha alitafuta ukurasa. "Kikopo cha fedha cha kuwekea tasbihi ya Kikristo. Cha Goa. Alikuwa nacho dada yangu Filomena siku ya harusi yake. Alinipa mimi nilipoanza safari ya kwanza, akasema, kaka, bahari ikikutisha kishike. Kifuniko kimebonyea kwa sababu nilikishika kweli."

Filomena alikuwa mama yake Agnelo, naye alikuwa amefariki Agnelo akiwa mdogo. Hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alikaa juu ya ngazi ya baraza, mgongo wake ukiwaelekea, na walimwacha. Mwanasha alikwenda kabatini akakileta kile kikopo, akakiweka mkononi mwake.

"Chukua," alisema mzee. "Hicho peke yake. Na huyo bwana wa hoteli mwambie namwomba radhi."

Agnelo aliondoka siku ya tatu. Pale ngazini alimshika Mwanasha mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Dada, nilidhani namwokoa," kisha akashuka kilima.

Mzee Kaitano aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1967, asubuhi, akiwa kwenye kiti chake barazani, mwezi wa Ramadhani umebakiza siku chache kwisha. Padri alikuja kutoka upande wa Likoni kumzika kwa taratibu za dini yake. Jeneza lilibebwa na Tsuma na Karisa na wanaume wengine wa Tiwi, wengi wao wamefunga na midomo imekauka, wakapokezana bila kupumzika hadi kaburini. Bi Mwanarusi, ambaye hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, alilia.

Mzee aliacha barua iliyoandikwa na Mwanasha na kushuhudiwa na padri na Tsuma. Vyombo vyake alikuwa amevitoa kwa shule ya Harambee ambayo wanakijiji walikuwa wameijenga kwa mikono yao, na msimamizi wake awe Mwanasha binti Mwero, maisha yake yote. Wazee wa shule walimpa chumba chenye madirisha mawili na mlango wa kufuli. Alikipaka chokaa mwenyewe.

Alimwandikia Agnelo kumpa habari. Mwalimu mmoja alimsaidia kuigeuza barua iwe kwa herufi za Kizungu. Jibu lilichukua wiki sita kufika, na mwalimu huyo huyo ndiye aliyemsomea. Agnelo alisema kwamba wamesoma misa kule, kwamba kikopo kiko juu ya kabati la kitanda chake, na kwamba anawashukuru watu wa Tiwi kwa miaka mitatu waliyompa mjomba wake, miaka ambayo yeye angemnyima kwa mapenzi.

"Tumjibu nini?" aliuliza mwalimu, kalamu mkononi.

Mwanasha alifikiri. Alifikiria baba yake Mwero aliyechekwa na watu. Alifikiria chumba kile chenye harufu ya mafuta ya nazi, na yule mwanamke wa Kachi asiyejulikana jina, na watu wote ambao sasa majina yao yalikuwamo katika madaftari manne.

"Mwambie sisi ndio wa kushukuru," alisema. "Mwambie alitufundisha kuangalia vitu vyetu. Na mwambie sitaweza kuandika tena mwezi huu, nina safari."

Kulikuwa na ajuza mmoja Msambweni aliyetuma salamu mara tatu, kwamba mlango wa nyumba yake umechongwa na babu yake na yeye amekuwa mzee, anataka jina la babu liandikwe kabla hajaondoka duniani. Jumatatu Mwanasha alifunga daftari la tano ndani ya kanga, akamuaga mama yake, akashuka barabarani kungoja basi la kusini.